Hizi Zina Cheti, Hazina Ukoo

Mheshimiwa Waziri, Mkuu wa Majeshi, makamanda mliotuheshimu kwa kuja, mafundi wa karakana hii, ambao itifaki imewataja mwisho ingawa kazi ingewataja mwanzo, familia ya mwenye sherehe, wageni mlioketi na mliokosa viti: habari za mchana.

Tumekuja kumuaga Bi Mkaguzi, ambaye humu ndani hakuna anayemwita hivyo. Kwa miaka ishirini na saba tumemwita Mama Pamba, kwa sababu ya kopo la pamba na kichupa cha dawa ya kutolea rangi ya kucha vilivyokaa mezani pake, kando ya hadubini. Wageni walidhani ni mambo ya urembo. Kumbe chipu yoyote iliyoingia bohari letu kwenda kwenye redio au rada ya jeshi, ilipita kwanza mkononi mwake, ikapanguswa mgongo kwa pamba yenye dawa ile, ionekane kama imepakwa rangi, kisha ikaulizwa maswali. Nani kakuzaa? Nani kakubeba? Ulilala kwa nani njiani? Na karatasi zisipojibu, hakuna kuingia.

Mkwe wake yupo hapa, anacheka. Siku alipokuja kuposa aliulizwa maswali hayo hayo, na amenihakikishia kwamba muda wote jicho lake lilikuwa kwenye mkoba wa mama mkwe, akihofia pamba isije ikatoka.

Ndugu zangu, tucheke, lakini tujiulize. Askari aliyeko mpakani anaijua bunduki yake, anamjua mwenzake, anamjua kamanda wake. Je, anaijua chipu ndogo kuliko ukucha wa mtoto, iliyo ndani ya redio aliyoibeba mgongoni? Hawezi. Anatuamini sisi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ya jeshi siku hizi imeshonwa kwa vitu vilivyotengenezwa mbali, vikapita mikono ambayo hatukuwahi kuishika.

Sasa nitasema jambo ambalo wengi wenu hamlijui.

Miaka kumi na moja iliyopita nilikuwa mkuu wa ununuzi. Redio za doria zilikuwa zimekwama mezani kwa kukosa chipu, simu kutoka juu hazikukoma, nami nilitaka sana kuonekana mtu wa kazi. Akatokea msambazaji mmoja, mpole, suti safi, na maboksi matatu. Niliagiza boksi la kwanza liende moja kwa moja kwa mafundi, bila kupita kwa Mama Pamba. Mawili yaliyobaki yalimfikia. Alasiri ile ile akaniita mezani pake.

Pamba ilikuwa nyeusi tii.

Akaniambia, "Mkuu, hizi zimebanduliwa kwenye mashine zilizotupwa. Wamezisugua, wamezipaka rangi, wameziandika jina jipya. Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia."

"Lakini mama, cheti kipo. Mihuri yote ipo."

"Mihuri naiona. Mwenye mihuri ndiye simwoni. Hizi zina cheti, hazina ukoo."

Akayafungia yale maboksi kabatini, ufunguo akautia mfukoni, akaendelea na kazi. Nami, Mheshimiwa Waziri, nilirudi ofisini nikamwandikia barua ya onyo kwa kuchelewesha kazi za ulinzi wa taifa. Barua hiyo ilimnyima cheo mara mbili. Na lile boksi la kwanza? Nilijua nalo lina chipu zile zile. Sikulirudisha, kwa sababu kulirudisha kungekuwa kukiri. Redio ishirini zikatoka hapa zinang'aa, tukapiga picha nazo.

Miezi mitatu baadaye, kikosi cha doria kilikuwa mlimani. Sajini wao akateleza, akavunjika mguu. Wakawasha redio kuita msaada, na redio ikanyamaza, kwa sababu chipu iliyokuwa ndani yake ilizaliwa kukaa mezani ofisini, si kwenda kwenye baridi ile. Wenzake walimbeba siku mbili. Alipona yeye, mguu haukupona. Sajini, nakuona hapo safu ya pili. Nilikuomba radhi hospitalini tukiwa wawili. Leo nakuomba mbele za watu.

Redio ile ililetwa hapa. Mama Pamba aliifungua, akapangusa, akatazama. Nilisimama nyuma yake nikingoja neno moja, "nilikwambia", na nakiri ningelistahili. Hakulisema. Alifunga kopo lake, akasema, "Ziko nyingine kumi na tisa, mkuu. Twende tukazitafute."

Tulizitafuta. Kituo kwa kituo, yeye na begi lake, mimi na aibu yangu. Ya mwisho tuliikuta ndani ya gari la wagonjwa, siku moja kabla halijaondoka kwenda mpakani. Tuliporudi, alianzisha kitabu tunachokiita cha ukoo, ambamo kila chipu ina mzazi, mbebaji na mlezi, kwa majina na saini. Leo hakuna kinachoingia karakana hii bila kuandikwa humo, awe amekileta waziri au mjomba wangu. Samahani, Mheshimiwa.

Wiki iliyopita nililichukua faili lake. Nilitaka kumpa zawadi: kuichana ile barua ya onyo mbele yake, astaafu akiwa safi. Mjue, nilidhani nafanya wema! Akanishika mkono.

"Iache."

"Mama, ni uongo huu. Unakuchafua."

"Ni uongo, lakini ni wako, na una tarehe. Ukifuta ya zamani ukaandika nzuri juu yake, una tofauti gani na yule wa suti?"

Nikalifunga faili, nikachukua kalamu.

Kwa hiyo barua ya onyo imebaki. Chini yake nimeweka ya pili, na ni fupi, naisoma: "Barua iliyo juu ya hii ina kosa, nalo si la aliyeandikiwa. Boksi la kwanza lilipita kwa amri yangu, na nililinyamazia nikijua. Mkaguzi alikataa siku ambayo mimi niliogopa. Cheo alichonyimwa, nilimnyima mimi." Kuna jina langu kamili, saini na tarehe ya leo. Nakala inakwenda kwako, Mheshimiwa Waziri, ufanye utakaloona ni haki.

Mwalimu, shemeji yetu, ahsante kwa kutuazima mkeo miaka yote hii. Tunamrudisha akiwa mzima na mkali vilevile. Nanyi nyote mlionitegea sikio hadi hapa, nawashukuru sana.

Mama Pamba, barua hii hapa. Kopo lako nimelileta. Ipanguse, mbele yao, uone kama rangi itatoka.