Theodory Kapele wa Milanzi, Aliyetaka Kurudi Nyumbani Kuishi

Nilikutana na marehemu kule mjini Laela, Julai 1988, watu binafsi walipokwisha kuruhusiwa kununua nafaka. Sote wawili tulilitaka lori moja. Tulivutana tangu asubuhi hadi dereva akatishia kuondoka. Marehemu akasema, "Bwana Enock, tukiendelea hivi maharage yangu yataota humu humu kwenye magunia." Tukagawana lori. Hakuwa mtu wa kushindwa mazungumzo, wala mimi.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1953 hapa Milanzi, akasoma hapahapa hadi darasa la saba, mwaka 1968, kisha akalima na baba yake. Biashara ilipofunguliwa akanunua mahindi na maharage, baadaye akaweka mashine ya kusaga mjini Sumbawanga. Tarehe 21 Oktoba 1989 alifunga ndoa na mdogo wangu Cornelia.

Mwaka 2003 figo zake zilikufa kwa presha. Mashine ya kusafisha damu huku haikuwepo, ikabidi ahamie Dar es Salaam. Hakuweza hata kuja kumzika mama yake, maana angekosa mashine siku chache angemfuata. Mdogo wake Yonas akajitolea kutoa figo moja, ikapandikizwe India, marehemu arudi nyumbani. Vipimo vya safari vikakuta saratani kwenye ini.

Daktari alisema figo haipandikizwi kwa mwenye saratani. Kwanza uvimbe ukatwe, wangoje waone kama haurudi. Ila kumpasua ini mtu wa mashine ni hatari: damu inaweza isigande, na ini linalobaki linaweza kushindwa.

"Daktari, hakuna namna ya katikati?" nikauliza.

"Hakuna, mzee."

Nikamwambia, "Shemeji, kataa. Twende ukafie Milanzi."

"Wewe shemeji unauza mapema mno," akanijibu. "Mimi Milanzi nataka kwenda kuishi."

Alipasuliwa tarehe 6 Juni 2005. Uvimbe wote ulitoka. Lakini ini lililobaki lilishindwa, macho yakawa ya manjano, tumbo likajaa maji, na kila akiwekwa kwenye mashine presha ilishuka, wakamtoa. Alifariki tarehe 15 Juni, Cornelia amemshika mkono.

Daktari aliupata uvimbe wake. Sisi tumepata sanduku. Ameacha mjane, watoto Luciana, Kasmir na Rahel, na mdogo wake Yonas, mwenye figo zake zote mbili. Jana nilimwambia ana bahati, akachukua jembe akaenda kuchimba kaburi.

Pumzika, shemeji. Hapa hakuna mashine ya kukuita tena.