Pomboo au Fungu la Mchanga

Benchi lile liko kwenye kona, kati ya saluni ya kinyozi na duka la vyuma, na mguu wake mmoja umekalia tofali. Hapo, wiki kadhaa sasa, watu ambao hawajawahi kupanda hata mtumbwi wanapanga matembezi ya mashua kisiwani, kwa niaba ya mke wa Fundi. Mama wa watu alikuwa amelazwa. Kila jioni Fundi cherehani alibeba ubishi wa kijiweni mpaka kitandani kwake, mama akacheka hadi akashika mbavu, akatoa hukumu, na kesho yake Fundi akairudisha benchini. Jana wamemrudisha nyumbani. Kijiwe kizima kikashangilia! Fundi naye akacheka nao, roho inamuuma, maana alimsikia daktari: dawa zimefika mwisho, mpelekeni tu akae na watu wake. Mkewe alisikia pia. “Usiwaambie wale,” alimsihi. “Wataanza kunihurumia, na mimi nataka wabishane.”

— Sasa shemeji kapona, alianza Kinyozi, mambo ya kukaa kwenye mashua kama mzigo basi. Ni fungu la mchanga! Maji yakitoka, mchanga unajitokeza katikati ya bahari, mnashuka, mnatandika mkeka.

— Na maji yakirudi? aliuliza Redio, mlinzi mstaafu asiyezimika.

— Si mnapanda mashua!

— Na mwenye mashua akiwa kalala? Mimi nasema pomboo. Asubuhi na mapema. Tena shemeji avae njano.

— Njano ya nini?

— Pomboo anapenda njano. Nimelinda geti la watalii miaka, nayajua hayo.

— Ulilinda geti la kampuni ya bima, wewe!

— Kwani watalii hawakati bima?

Dada wa kahawa alicheka mpaka akamwaga kikombe. Fundi alikuwa anakariri kila neno, hilo la njano hasa. Mkewe angelipenda. Halafu Fundi akakumbuka gauni la safari alilomshonea: amelipunguza kiunoni, akalipunguza tena, na asubuhi hii bado lilimpwaya. Kahawa ikawa chungu mdomoni.

— Fundi, mbona kimya? Hukumu ya jana?

— Kasema mashua ya kioo. Ile yenye kioo chini, unaona samaki.

— Weee! Redio akaruka. Samaki naye si anakuona? Tena anaona nyayo tu! Siku nzima kumwonyesha kiumbe wa Mungu magaga!

— Nitavaa soksi, alisema Kinyozi.

— Nyeusi? Atadhani pweza, akimbie, safari imekufa.

Hapo akafika mgeni, begi begani: binamu yake Kinyozi, anayetembeza watalii kwa mashua hukohuko kisiwani. Aliitwa aje aamue. Akasalimia, akapokea kikombe, akasikiliza kidogo.

— Yote yanawezekana. Mnaondoka lini?

Wakatazamana. Wiki zote zile wamegombania mpaka soksi, na hakuna aliyewahi kuuliza siku. Wakamgeukia Fundi.

Fundi alitaka kudanganya, akashindwa. Machozi yalimtoka mbele za watu.

— Hatuondoki, jamani. Hajapona. Wamemrudisha aje afie kwake.

Kinyozi akashika kichwa.

— Basi mwambie tumekubali, alisema Kinyozi. Mashua ya kioo. Anachotaka yeye, sote tumekubali.

— Nikimwambia mmekubaliana, atajua nimewaambia. Fundi alijifuta kwa mkono wa shati. Ananingoja sasa hivi. Kasema nisirudi mikono mitupu.

Dada wa kahawa aligeuka upande, akajifunika uso kwa khanga.

— Pomboo, alisema Redio, mashavu yamelowa. Nimesema pomboo na sibadilishi.

— Huna akili! Kinyozi alijibu huku analia. Fungu la mchanga!

— Ukalale na kaa huko!

— Wote hamjui kitu, mgeni akadakia, akaliweka begi chini. Mpelekeni akaone kasa.

— Kasa! Mnyama gani huyo, hata kukimbia hajui?

Wakapandishiana sauti mpaka mwenye duka la vyuma akatoka kutazama kuna nini. Fundi alikaa katikati yao, akisikiliza kwa makini asije akasahau neno.