Maswali Mia Mbili na Kumi na Moja Aliyoyaacha Bi Faharasa

Ndugu, majirani na wenzake wa kazi, mimi ni mdogo wake wa mwisho, na familia imeniteua nisome maisha ya dada yetu kwa hoja kwamba nilikaa ofisi ya serikali miaka thelathini, kwa hiyo nimezoea kusoma karatasi ndefu mbele ya watu waliokosa pa kutokea. Wengi wenu mlimwita Bi Faharasa, jina alilopewa na wenzake wa maktaba, naye hakununa, alisema tu kwamba faharasa ina nafuu, hukaa mahali pamoja mwisho wa kitabu na watu huifuata hapo.

Alizaliwa Jumatano, tarehe 11 Agosti 1954, saa nne asubuhi, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa tatu kati ya watano wa karani wa mizigo na mshonaji wa nguo. Cheti chake cha kuzaliwa kilitolewa miaka miwili baadaye kikionyesha kuwa ni mtoto wa kiume, kosa lililorekebishwa mwaka 1971 baada ya barua nne alizoziandika mwenyewe akiwa mwanafunzi, ya tatu ikiwa imejibiwa kwa maneno "Ndugu Bwana, suala lako linashughulikiwa."

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1961 hadi Novemba 1967, sekondari ya wasichana kuanzia 1968 hadi 1971, na kozi ya ukutubi ya miezi kumi na minane iliyomalizika tarehe 30 Juni 1975, ambako alishika nafasi ya pili, na aliyeshika ya kwanza, tunaambiwa, aliacha ukutubi akafungua duka la viatu. Walimu wake wote waliandika neno moja katika ripoti, kwamba ana bidii lakini hatulii, na mama alizihifadhi ripoti hizo kwenye kabati la vitambaa, akizionyesha kwa wageni kama watu wengine wanavyoonyesha picha za harusi.

Aliajiriwa maktaba kuu tarehe 2 Februari 1976, akaanza kwa kupanga kadi kwenye vidroo vya mbao, akapanda hadi kuwa mkuu wa orodha ya vitabu, chumba cha mwisho kwenye korido ya ghorofa ya pili, chenye madirisha mawili, moja halifunguki na jingine halifungiki. Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na shemeji yetu, mpima ardhi, aliyekuja siku moja kuulizia ramani, akaambiwa haionekani, akaondoka, na saa mbili baadaye akamkuta dada mlangoni pa ofisi ya upimaji, ameshika ramani, jasho linamtoka, akimlaumu kwa nini hakusubiri. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 7 Machi 1984, ambaye ni mfamasia, na kijana aliyezaliwa tarehe 21 Oktoba 1987, ambaye ni mwalimu wa hesabu, na wote wawili wanathibitisha kwamba hawakuwahi kumwona mama yao akimaliza chakula bila kuinuka angalau mara tatu. Shemeji huwaambia watu kwamba alioa mtu anayekaa kwa zamu.

Mwaka 1998 mkurugenzi alimpa jukumu la kujifunza kiwango cha utafutaji, na kwa kuwa jambo hili ndilo lililomchukua dada yetu miaka iliyobaki, naomba mnivumilie nilieleze. Ni kanuni zinazoziwezesha kompyuta za maktaba mbalimbali, zilizoundwa na mafundi wasiojuana, kuulizana na kujibiana, kila aina ya swali ikiwa na namba yake, nne ni jina la kitabu, ishirini na moja ni mada, elfu moja na tatu ni mwandishi, ili msomaji aliyekaa kwenye kiti kimoja aweze kutafuta katika maktaba saba kwa mara moja, bila kuzizungukia kwa miguu. Nyumbani namba hizo tulizijua kuliko za simu, na shemeji akimsikia mkewe anasema "elfu moja na tatu ni nani hapa" alijua kuna karatasi imeachwa juu ya meza na mwenyewe anatafutwa.

Kitabu cha kanuni hizo kilikuwa na kurasa mia moja sabini na mbili, zilizochapwa pande zote mbili, na kikaazimwa wizarani kwa siku tatu ili kitolewe nakala. Nakala iliyomfikia Ijumaa, tarehe 23 Aprili 1999, ilikuwa na kurasa themanini na sita, kwa maana mpiga fotokopi alikuwa amepitisha upande mmoja wa kila karatasi, ukurasa wa kwanza, wa tatu, wa tano, hivyo hivyo hadi mwisho. Dada aliandika barua kulalamika, akajibiwa kwamba nakala ilikwisha kupokelewa, kugongwa muhuri na kuingizwa kwenye rejista, hivyo kwa mujibu wa taratibu imekamilika, na kitabu chenyewe kimerudishwa. Mtu mwingine angekaa kusubiri, yeye akachukua penseli, akasoma ukurasa wa tatu na wa tano, akajiuliza wa nne ungesema nini ili hawa wawili waelewane, akauandika, na kwa miaka miwili alizunguka mle chumbani mwake akizibuni kurasa themanini na sita ambazo hakuwahi kuziona, kisha akakaa na fundi wa kompyuta wakaunda mtambo kwa kuzifuata. Ulizinduliwa tarehe 5 Novemba 2001, mgeni rasmi akatafuta jina lake mwenyewe mbele ya wapiga picha, akapata majibu mawili, akafurahi.

Jumatano, tarehe 16 Januari 2008, mchimba visima mmoja alipanda hadi ghorofa ya pili, akaweka kitabu juu ya meza ya dada, akasema, "Mama, kile kitabu chenu ambacho hakipo ndiyo hiki." Alikuwa amekitafuta pale mara tatu, kioo cha kompyuta kikamjibu hakuna, kisha akakikuta kwenye rafu ya maktaba ya chuo cha kilimo, moja ya zile saba. Dada alimpa kiti chake, mwenyewe akabaki amesimama, akamwomba arudie kila neno alilolibonyeza, na baada ya wiki mbili akawa amepata kitabu kizima cha kanuni kutoka kwa mkutubi wa nchi nyingine, akalinganisha kurasa za kweli na zake za penseli. Zake nyingi zilikuwa sawa kwa namna ya kutisha, fundi wa kompyuta anasema hajawahi kuona jambo kama lile, lakini ukurasa wa tisini na nne ulieleza kwamba maktaba inayoulizwa haijibu kwa idadi tu, inaweza pia kujibu kwamba aina hii ya swali siijui, niulize vingine, na dada, ambaye hakuuona ukurasa huo, alikuwa ameuagiza mtambo kwamba jibu lolote lisilo idadi lihesabiwe sifuri. Kwa miaka sita na zaidi, maktaba za mbali ziliposema sijaelewa, kioo chetu kiliwaambia wasomaji hakuna.

Kusahihisha kulichukua mchana mmoja na mistari kumi na moja. Lakini mtambo ulitunza kila swali lililoulizwa, na daftari la mezani lilitunza jina na anwani ya kila msomaji, na dada alihesabu maswali elfu nne mia tatu na sita yaliyojibiwa hakuna kimakosa. Mkurugenzi, ambaye yupo nasi hapa na ameniruhusu kulisema, alimshauri aachane nayo, ni mambo ya zamani, hakuna aliyelalamika, naye akamjibu, "Hawakulalamika kwa sababu tuliwaambia hakipo, na wao wakatuamini." Idhini ilitolewa kwa barua, mradi kazi hiyo isiathiri kazi, na dada aliisoma sentensi hiyo mara mbili, akaikunja, akaanza swali la kwanza.

Aliuliza upya moja baada ya jingine, na kila alipopata kitabu alituma kadi, kwamba tarehe fulani uliuliza hiki, tukakwambia hakuna, jibu lile halikuwa sahihi, kipo maktaba fulani, tunaomba radhi kwa kuchelewa. Majibu yalikuja ya kila namna, bwana mmoja aliuliza nani kawaambia bado nakitaka, na mama mmoja, aliyekuwa ametafuta kitabu cha kulea mtoto asiyesikia, aliandika kwamba mtoto sasa ana miaka kumi na minne na walijifundisha wenyewe kwa kubahatisha, hata hivyo atakisoma. Barua hiyo dada aliibeba kwenye mkoba miezi mingi, na tulipomwambia apumzike kidogo aliitoa akatuonyesha.

Alistaafu tarehe 11 Agosti 2014, akahamishia kazi hiyo kwenye meza ya chakula, shemeji akawa anakula na sahani magotini. Mwezi Machi 2017 alianza kuishiwa pumzi akipanda ngazi, akagunduliwa moyo umepanuka, na daktari alipomwamuru kupumzika alielewa kwamba anaruhusiwa kufanya kazi akiwa amekaa. Alilazwa mara nne, mara ya mwisho tarehe 19 Mei mwaka huu wa 2019, wodi ya pili, kitanda cha dirishani, daftari likiwa chini ya mto, na siku za mwisho alikuwa akimsomea binti yake maswali naye anaandika, wakigombana juu ya mwandiko. "Andika vizuri, mwanangu, mtu akishindwa kusoma tumemdanganya mara mbili." Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na minne.

Familia inawashukuru daktari wake na wauguzi wa wodi ya pili, waliovumilia kupangiwa upya kabati la mafaili, majirani waliopika na kufua kwa wiki tatu bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa maktaba, fundi wa kompyuta, na mchimba visima, ambaye ameketi pale nyuma, na tunamwomba asijilaumu, kwani angenyamaza ingekuwa vibaya zaidi.

Yamebaki maswali mia mbili na kumi na moja, ambayo majibu yake dada aliyapata lakini waulizaji wenyewe hakuwapata, walihama, walibadili kazi, barua zilirudi. Orodha ya majina iko mezani kando ya kitabu cha rambirambi, na wakati mnasaini tunawaomba mpitishe macho, huenda ni jina la jirani, au la shangazi, au la kwako mwenyewe, uliyeambiwa hakuna ukarudi nyumbani, binti wa dada amekaa hapo na kalamu na anwani ya rafu ya kila kitabu.

Hayo mia mbili na kumi na moja tuachie sisi, dada. Pumzika kwa amani.