Mzee Themanini Anaegesha

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuvuta matela ya kulala kwenye barabara kuu, na kupitwa na kila kitu chenye magurudumu, dereva wetu mkuu Mzee Themanini anastaafu rasmi tarehe thelathini Juni. Karani wetu, ambaye huandika wasifu hizi kwa Kiswahili kilichopigwa pasi, yuko likizo ya uzazi. Kazi imeniangukia mimi wa kitengo cha matairi na, bila kujisifu, mmebahatika.

Kwa faida ya wageni waalikwa: tela la kulala ni nyumba ndogo yenye vitanda, jiko na meza, inayofungwa nyuma ya gari. Wanaokodi kwetu ni wapima ardhi, wachimba visima na familia zinazotaka kusafiri bila kuagana na godoro. Mzee huivuta nyumba hiyo kwa spidi ya themanini kwa saa, si themanini na moja. Kukiwa na mvua au upepo wa ubavuni, hushuka hadi sitini, na hapo ndipo abiria huanza kuulizana kama gari limezimika.

Fundi wetu wa kuchomelea anaapa kwamba safari moja alishuka kujisaidia, akamaliza, akanawa mikono, akalifikia gari kwa miguu. Fundi ni mwongo, lakini uongo wake una msingi. Makondakta wa mabasi nao hutoa vichwa dirishani: "Babu, unavuta tela au tela linakuvuta?" Au: "Shuka usukume, utafika mapema!" Mzee huwapungia mkono kama mgombea aliye na hakika ya kura. Foleni ikirefuka nyuma yake, hutafuta mahali papana pembeni, huegesha, huwapisha wote, kisha hurudi barabarani. Husema mwenye haraka mpishe, usimbebe mgongoni. Siku moja alipitwa na basi lililokuwa likienda mia na thelathini, na nyuma yake limeandikwa kwa herufi kubwa "Haraka haraka haina baraka."

Bosi naye aliwahi kutaka tuongeze mwendo hadi mia, maana wateja walinung'unika. Mzee hakubishana. Alimwomba tu alale ndani ya uwanja wetu, kwenye kitanda cha tela lililoegeshwa, wakati fundi akilitikisa kutoka nyuma kwa mikono miwili. Bosi alitoka akiwa ameshika kichwa. Tangu hapo magari yote ya kampuni hufuata mwendo wa Mzee, na hakuna tela lililolala ubavu.

Sisi vijana alitufunda kabla hatujagusa usukani. Vitu vizito vikae mbele ya magurudumu ya tela, mkia uwe mwepesi. Matairi ya tela hayakuumbwa kwa mbio. Mteremko unaingiwa kwa gia ndogo tangu juu, si kuikumbuka ukiwa katikati. Halafu husimama mbele yako na kukuuliza swali moja tu: "Likiyumba, mguu unakwenda wapi?" Ukijibu "kwenye breki", unaosha matela wiki nzima. Jibu ni kwamba mguu unatoka kwenye mafuta, usukani unashikwa ukiwa umenyooka, na gari linaachwa lipunguze mwendo lenyewe. Mimi niliosha siku mbili tu, rekodi ambayo haijavunjwa.

Msidhani alizaliwa na busara hiyo. Wakongwe wa uwanja huu wanamkumbuka akiitwa Mshale. Mwezi aliooa, kampuni ilimpa tela ahamishie vitu vya bibi harusi. Mbele kulikuwa na vitanda, basi kabati, cherehani na vyombo vyote vya harusi akavisukumia mkiani, akafunga mlango kwa goti. Mke mpya yuko kiti cha pembeni yake, na mwanamume gani hapendi kuonekana dume mbele ya mke mpya? Mteremko mrefu wa kutokea mjini akaushuka kwa mia na kumi. Lori likawapita, upepo wake ukalipiga tela, mkia ukaanza kucheza. Mshale akakanyaga breki kwa nguvu zote. Tela likalisukuma gari, likazunguka, likalala kwenye majani.

Hakuna aliyeumia. Katika vyombo, vilivyosalimika ni vijiko. Mke wake, ambaye sisi wote tunamwita Mama, alishuka, akakung'uta gauni, akasema: "Gari lako nitalipanda siku utakayoacha kuvuta." Akasimamisha basi, akaondoka.

Na neno lake amelishika. Kinyozi hajinyoi: dereva anayesifiwa na wateja wote ana mke anayesafiri kwa basi. Mama akienda kumtembelea dada yake, Mzee humsindikiza stendi, humtafutia kiti cha dirishani, hummwagia nasaha kondakta, kisha huja kazini kufunga tela. Saa mbili baadaye basi lile lile, likishajaza abiria, humpita barabarani, na Mama humpungia kwa ndani. Wateja wanadhani themanini ile ni kwa ajili yao. Wasijidanganye. Kiti cha pembeni ya Mzee hakiwekwi mkoba wala kofia, na akiwa peke yake garini bado anaendesha kana kwamba kuna mtu amekikalia.

Kwa hiyo tarehe thelathini Juni aliyeingoja zaidi hakuwa Mzee, alikuwa Mama. Ahadi ilikuwa inatimia. Mzee angeacha kuvuta, wangepanda kigari chao kidogo, wangekwenda kwa dada pamoja, bega kwa bega, kwa mara ya kwanza tangu harusi.

Sasa sikieni akili ya kamati ya zawadi, ambayo nawahakikishia mimi simo. Walichukua tela la zamani kuliko yote, wakaliziba kutu, wakalipaka rangi, wakatia mapazia na matairi mapya (matairi ni kazi yangu, yaangalieni vizuri), wakamkabidhi Mzee mbele ya wafanyakazi wote. Vigelegele! Mzee alilizunguka, akalisukuma mkia kwa bega kama kawaida yake, akatugeukia: "Wanangu, hii ni zawadi au talaka?"

Hapo ndipo mama wa chai alipotukumbusha ile ahadi. Fundi akajikuna kisogo, akasema, "Basi liuze, Mzee." Mzee akamjibu kwamba zawadi ya wanawe haiuzwi. Nyumbani nako hakuthubutu kulipeleka. Tela likabaki uwanjani, na Mzee akawa anakunywa chai yake amelipa mgongo.

Mama wa chai hawezi kukaa na neno. Jumatano iliyopita Mama mwenyewe aliingia getini, mkoba kwapani, akaenda moja kwa moja kwenye tela. Mzee aliacha kikombe, akamfuata nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Mama akafungua mlango, akabonyeza godoro, akafungua kabati la mwisho.

"Huku mkiani unaweka nini?"

"Magodoro tu, mke wangu."

"Na maji?"

"Mbele."

"Likiyumba, mguu unakwenda wapi?"

Tulitazamana. Miaka yote hiyo tuliosha matela kwa ajili ya swali ambalo kumbe Mzee mwenyewe aliulizwa nyumbani kila asubuhi kabla ya kutoka. Alilijibu neno kwa neno, mikono nyuma. Mama hakumsifu. Alikwenda kwenye gari la Mzee, akafungua mlango wa mbele, akaketi, akafunga mkanda. Mzee akaenda kulifunga tela nyuma.

Bosi alinituma nikae kiti cha nyuma, eti nisikilize mlio wa matairi. Ukweli ni kwamba uwanja wote ulitaka habari, na mwenye masikio mazuri ni mimi. Tulishika mteremko ule ule wa kutokea mjini. Mzee aliingiza gia ndogo juu kabisa, tukashuka kwa arobaini. Mama ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili, macho mbele. Lori likatupita kwa kishindo, tela likatikisika. Mzee akatoa mguu. Usukani haukusogea hata unywele. Tela likatulia kama mtoto aliyepewa ziwa.

Tukafika tambarare. Mama akaachia mpini mkono mmoja, kisha wa pili.

"Baba watoto, tunasafiri au tunasindikiza maiti? Ongeza."

Akafika sitini.

"Ongeza, nimesema."

Akafika themanini. Mama akainama, akautazama mshale wa spidi, akaegemea kiti. "Hapo hapo. Na usinizoee." Tulipogeuza kurudi alikuwa amelala fofofo, kichwa begani kwa Mzee, na mimi nilipokohoa Mzee alinitazama kwenye kioo kama nimevunja sahani.

Wanaondoka wiki ijayo kwenda kwa dada, na tela nyuma. Mzee wetu, asante kwa kila gari ulilolirudisha zima na kila kijana uliyemwoshesha matela hadi akapata akili. Uwanja utakuwa na mbio zaidi bila wewe, na hiyo si sifa. Tunakuombea afya, barabara kavu, upepo wa mgongoni, na abiria wako aendelee kukoroma mpaka mfike.