Kurithi Mjane Bila Watoto

Waasi walikuwa wametulia kidogo, basi kivuko cha kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto, kikajaa. Mama Lucie, kikapu cha samaki magotini, hakuwa na namna ya kuziba masikio. Mzee Octave, fundi wa kiwanda cha mafuta kilichouzwa, alikuwa akimfokea Sefu, karani wa tajiri mpya.

“Patron mupya anasema pensheni yetu tuulize wa zamani. Wa zamani alishakimbia Ulaya! Kwetu mutu akirithi mujane, anarithi na watoto.”

Lucie, ambaye yeye na watoto wake waliwahi kurithiwa na shemeji, aliguna.

“Papa, kiwanda haiko mujane,” Sefu alijibu kwa maringo. “Patron alinunua mashini tu.”

“Na wewe, alikukuta wapi?”

“Ku meza yangu. Akatununua pamoja.”

“Bon. Na meza iko na pensheni?”

Kivuko kikagonga ukingo. Watu wote wakashuka, isipokuwa Sefu, aliyebaki akihesabu kwa vidole miaka yake ya kazi.