Aliandika Mara Tatu: Maisha ya Mtunza Mafahali

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu, mimi ni binti yake wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu kama alivyoyaishi, si kama yalivyoandikwa kwenye barua ya shamba, ambayo nayo nitaifikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1964, katika nyumba ya chumba kimoja nyuma ya ghala la ngozi, akiwa mtoto wa tano kati ya saba wa mwendesha mkokoteni wa punda na mkewe fundi cherehani, na bibi yetu alikuwa akisema kwamba mwanawe huyo alijifunza kusimama kwa kushika mguu wa punda kabla ya kushika ukuta, punda naye akitulia tuli kama aliyebeba mayai.

Alianza shule mwaka 1972 na kumaliza darasa la saba mwaka 1978, akiwa na mwandiko uliosifiwa na walimu wote na hesabu zisizosifiwa na yeyote, kisha kwa miaka mitatu akafuatana na babu kwenye mkokoteni, na huko ndiko alikopata elimu iliyomlisha maisha yake yote. Siku moja punda aligoma kuvuka kivuko cha mbao, baba akainua fimbo, babu akamshika mkono na kumwambia, "Punda akigoma usiulize fimbo, uliza njia," wakainama kutazama, wakakuta ubao wa katikati umeoza chini kwa chini, na tangu siku hiyo baba hakumwita mnyama yeyote mkaidi.

Tarehe 1 Februari 1982 aliajiriwa katika shamba la ng'ombe wa maziwa, kazi yake ikiwa kuzoa samadi, na kwa miaka mitano hakuna aliyemjua ila koleo lake, hadi mwezi Septemba 1987 lilipofunguliwa banda jipya la kukamulia na ng'ombe wote wakakataa kuingia, siku nne mfululizo, wakipigwa, wakivutwa mikia, wakifokewa, maziwa yakipungua na wataalamu wakija na kuondoka. Siku ya tano baba aliomba ruhusa, akachuchumaa mlangoni ili macho yake yawe sawa na macho ya ng'ombe, akaona koti la mvua la mlinzi likining'inia msumarini ndani ya banda na kupepea kila upepo ulipopita, akaliondoa, akamtanguliza ng'ombe mzee kuliko wote, na wengine thelathini na wanane wakamfuata kimyakimya. Cheti cha pongezi kilitolewa, ndugu zangu, kikiwa na jina la bwana shamba, na baba alipewa koleo jipya.

Mwaka 1989 alifanywa mtunza mafahali, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na minne, wenzake wakimwita Bwana Taratibu, kwa kuwa neno hilo alilisema mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe. Aliwafundisha wote waliopita mikononi mwake kwamba ng'ombe haoni kilicho nyuma yake kabisa, kwa hiyo usimtokee huko, kwamba fahali anayekugeuzia ubavu na kuinamisha kichwa hakusalimii bali anakuonya, na kwamba kelele humwingia mnyama mwilini na kubaki humo muda mrefu baada ya wewe kusahau kwamba ulipiga kelele.

Tarehe 18 Agosti 1990, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na mama yetu, aliyekuwa mpima maziwa katika maabara ya shamba hilohilo, na mama amenipa ruhusa niseme kwamba baba alimchumbia kama alivyofanya kazi, akimjia kwa ubavu, hatua mbili, anasimama, hatua mbili, anasimama, kwa miezi saba, mpaka mama akamuuliza, "Wewe kaka, unanichumbia au unataka kunifunga kamba?" Mungu aliwajalia watoto wanne, mimi mwaka 1992, pacha wa kiume mwaka 1995, na kitinda mimba wetu mwaka 2001, na sote wanne tulilelewa bila kofi, jambo ambalo shangazi zetu walilitabiria maangamizi, lakini tupo hapa.

Sasa nafika kwenye kifo, na naomba mnivumilie, kwa sababu uchungu nilionao si wa msiba peke yake.

Mwaka 2018 alizaliwa ndama dume ambaye mama yake alikufa siku ileile, akalelewa kwa chupa, peke yake, akawa kipenzi cha wageni, waliopenda kumsukuma kipajini ili naye awasukume, wakicheka. Baba alikataza mchezo huo kila alipouona, akisema, "Mnachomfundisha leo akiwa na kilo hamsini, atakikumbuka akiwa na mia nane," akaomba ndama huyo achanganywe na wenzake ili ajijue kuwa ni ng'ombe, akaambiwa kwamba wageni wanampenda. Walimwita Bwana Harusi, na alipokomaa baba ndiye mtu pekee aliyeweza kumshika pete ya puani bila jasho.

Mwaka 2022 alikuja meneja mpya, ambaye amekuja hapa leo na ananisikia, akamhamishia Bwana Harusi kwenye zizi jembamba ubavuni mwa karakana, mahali ambapo vyuma hukatwa mchana kutwa, asipoweza kuona ng'ombe mwingine yeyote, akanunua fimbo ya umeme, na mwezi Machi 2023 akaagiza uzibwe kwa kuchomelewa ule mwanya kwenye uzio ambao mtunzaji hupenya anapokimbizwa, eti kwa sababu wafanyakazi walikuwa wakiufanya njia ya mkato kwenda kunywa chai.

Baba aliandika kwenye daftari la zamu tarehe 3 Mei, akaandika tena tarehe 12 Juni, akaandika tena tarehe 27 Julai, kwa mwandiko ule wenye sifa, kwamba fahali anakwaruza ardhi, halali, anamgeuzia ubavu kila anayepita, arudishwe karibu na wenzake na mwanya ufunguliwe kabla mtu hajaumia. Jibu alilopewa na meneja, mbele ya watu sita, lilikuwa hili, "Mzee, ng'ombe ni ng'ombe, usitupigie ramli hapa."

Alhamisi tarehe 10 Agosti, saa nne asubuhi, walikuja wageni, meneja akataka Bwana Harusi atolewe nje apigwe picha, baba akasema leo hapana, tazameni shingo yake, na meneja akamjibu kwamba kama ameogopa akabidhi kamba, ataingia mfagia zizi. Mfagia zizi ni yule mama aliyekaa pale nyuma, ana watoto watatu na hajawahi kushika kamba ya fahali maishani mwake, na ni yeye aliyetusimulia kwamba baba alimtazama, akamwambia, "Dada, rudi nyuma ya uzio," akaingia mwenyewe. Alikuwa ameshashika pete, fahali ameanza kutulia, ndipo msaidizi wa meneja alipopitisha fimbo ya umeme katikati ya vyuma na kumchoma mnyama kwa nyuma ili atoke haraka, wageni walikuwa wakisubiri.

Baba alibanwa palepale uzio ulipochomelewa.

Alivunjika mbavu sita na pafu likatoboka, akalazwa hospitali ya wilaya, wodi namba nne, kwa siku kumi na moja, na Bwana Harusi alipigwa risasi mchana uleule, kabla hata daktari wa mifugo hajaitwa. Baba alipopata habari hiyo aligeuka ukutani, kisha akaniambia kwa sauti ya kukwaruza, "Yule hakukosa, mwanangu, alichomwa," na sikumwona akilia kwa ajili ya mbavu zake, lakini kwa hilo alilia.

Siku ya tano tulipokea barua ya shamba, ya tarehe 15 Agosti, inayosema kwamba ajali ilitokana na uzembe wa marehemu, na siku hiyo, ndugu waombolezaji, huyo marehemu alikuwa ameegemea mto akinywa maji kwa mrija. Walimzika kwa karatasi siku sita kabla hajafa. Na nilipokwenda shambani kuchukua nguo zake nilikuta mwanya umeshafunguliwa, chuma kingali na alama mpya za msumeno, na nilipouliza daftari la zamu nikaambiwa limepotea.

Baba yetu alifariki Jumatatu tarehe 21 Agosti 2023, saa tisa alasiri, mama akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, miezi minane kabla ya kustaafu.

Daftari limepotea, lakini baba hakuandika neno lolote rasmi bila kulisoma kwanza kwa mama, na mama, aliyezoea kutunza kumbukumbu za maabara, alinakili maandishi yote matatu kwa tarehe zake. Nakala hizo tumezipeleka kwa mkaguzi wa kazi, pamoja na maelezo ya mashahidi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, hasa muuguzi wa zamu ya mchana aliyemnyoa ndevu kila baada ya siku mbili bila kuombwa, inawashukuru majirani waliotupikia na kukesha nasi hapa, na wafanyakazi wenzake, kwa namna ya pekee wale watano waliotia sahihi maelezo yao, mfagia zizi akiwa wa kwanza, ingawa walionywa kwamba kazi zipo nje tele na milango iko wazi. Shamba limeleta jeneza, tumelirudisha, na hili alimolala baba limechongwa na wanawe pacha. Meneja ameomba kusema maneno machache kwa niaba ya uongozi, na mama amejibu hapana, wakati wa kumsikiliza baba ulikuwa Mei, Juni na Julai.

Pumzika kwa amani, baba, yaliyobaki ni juu yetu.