Ntumba za Machi za Coleta

Padri wetu, wakwe zetu, majirani wa Mollo, na hata wewe uliyekuja kuhakikisha kama kweli amekufa, poleni na msiba, kaeni vizuri, kwa kuwa familia imenituma mimi Margareth, mdogo wake wa tumbo moja, niwasomee maisha ya dada yetu Coleta, naye aliniagiza kwa mdomo wake kwamba nisiruke mahali, hata nikiona nyuso zinakunjamana.

Marehemu Coleta Adolfu alizaliwa tarehe 4 Mei, 1951, hapa hapa Mollo, mtoto wa pili kati ya watoto saba wa Mzee Adolfu na Mama Cornelia, ambao wote wametangulia mbele ya haki, akabatizwa mwaka uleule, na mwaka 1960 akaanza shule kwa masista huko Kaengesa, akasoma hadi darasa la nne, akajua kusoma, kuandika, kushona, na kutosema uongo, na hilo la mwisho ndilo lililomponza.

Baada ya shule alishika jembe, na kwa faida ya ndugu zetu Wasukuma mliotoka mbali, nieleze kwamba sisi Wafipa shamba letu hulilima kwa ntumba, yaani mwezi Machi tunayafukia majani katika vichuguu vya udongo, tunapanda maharage juu yake, na Novemba tunavibomoa tupande mahindi, hivyo shamba moja mwaka huu huwa la ntumba, tupu hadi unaona ng'ambo, na mwaka unaofuata huwa la mahindi yanayomfunika mtu, jambo ambalo kila mtoto wa hapa analijua kabla hajajua Baba Yetu.

Tarehe 10 Oktoba, 1970, alifunga ndoa takatifu na Ndugu Lazaro, yule mnayemwona benchi la mbele na kitambaa cheusi mkononi, wakajaliwa watoto wawili, Bertha aliyezaliwa mwaka 1972 na Debora aliyezaliwa mwaka 1975, na wajukuu watano, na kwa miaka ishirini na zaidi walilima shamba hili tulipoketi, bega kwa bega, bila neno.

Jumanne ya tarehe 16 Machi, 1993, saa nne asubuhi, wakiwa wote wawili hapa wanalima ntumba, waliona ng'ombe wakiingia kwenye maharage ya Ndugu Felisian, kule ng'ambo penye mti wa mlingoti, wakamwona kijana Malimi, mchungaji wa Kisukuma, akikimbia kuwatoa, na wakamwona Ndugu Felisian akimpiga kichwani kwa mpini wa jembe, kwa mkono wa kushoto, mara tatu, mbili kati ya hizo Malimi akiwa ameshalala chini, na hapo Lazaro alimwambia mkewe ainame alime, lakini yeye hakuinama, alitupa jembe akakimbia, akamkuta kijana wa watu anakata roho, akamfumba macho kwa kanga yake.

Kesi ilisikilizwa mjini Sumbawanga mwezi Septemba, 1995, na kufikia hapo serikali ilikuwa imeacha kununua mahindi yetu, kila mtu ajitafutie soko, na lori pekee lililofika Mollo lilikuwa la mshtakiwa, kwa hiyo wengi wenu mlikuja uwanjani kwake, mkamuuliza marehemu kwa sauti ya upole anamfia nini Msukuma, kwani ng'ombe ndio watakaomnunulia mahindi? Tarehe 12 alisimama kizimbani akasema alichokiona, wakili aliyetoka mbali akamcheka, akasema Machi mahindi yamefika juu ya kichwa, na kwa hatua mia na ishirini hakuna jicho linalojua mkono wa kushoto na wa kulia, naye marehemu akajibu kwamba mwaka ule shamba lilikuwa la ntumba, na akaomba aulizwe mume wake.

Aliulizwa. Tarehe 13 Ndugu Lazaro alikula kiapo upande wa utetezi, akasema mke wangu anachanganya miaka, mwaka ule lilikuwa la mahindi, wala hatukuona kitu, na wazee watatu wa baraza, wote wakulima wa ntumba tangu walipoota meno, walitazama viatu vyao, wakashauri kwamba shahidi si wa kuaminika, mshtakiwa akaachiwa huru, akarudi na lori anapiga honi tangu darajani, akapita mlango wa marehemu mara tatu, na kabla ya Krismasi Ndugu Lazaro alikuwa utingo juu ya lori hilo, na kitanda chake alikihamishia huko huko.

Tangu hapo marehemu aliitwa Shahidi, hata na watoto, lori lilijaza mahindi nyumba kwa nyumba likaruka ya kwake, gunia zake ishirini na mbili za mwaka 1996 zikaliwa na dumuzi, na yeye akafanya jambo mliloliita wazimu, kwamba Novemba wenzake walipopanda mahindi, shamba hili aliliacha liote majani, na kila Machi akalilima ntumba upya, mwaka hadi mwaka, akala maharage matupu, akisema mtu yeyote akitaka kuja kuangalia, akute panaonekana.

Mwezi Juni, 1998, aligundulika kuwa na saratani ya kizazi, alitibiwa kadiri ilivyowezekana, na Februari hii, akiwa hawezi tena kusimama, alilima kwa magoti ntumba arobaini na moja, zilizobaki akazimalizia Bertha, na Alhamisi tarehe 18 Machi, 1999, saa kumi na moja alfajiri, alifariki hospitalini mjini, akiwa ameagiza azikwe hapa, mwisho wa shamba, na si kwingine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, inamshukuru Masanja, kaka wa Malimi, aliyemletea marehemu maziwa kila wiki kwa miaka sita wakati ndugu zake wa jumuiya walikuwa wamehamisha sala nyumba nyingine, na inamshukuru Ndugu Felisian, ambaye lori lake ndilo lililoleta jeneza, maana gari lingine hakuna, na ambaye kwa aibu ya kusogelea kaburi ameegesha kule ng'ambo, chini ya mlingoti.

Hatua ni mia na ishirini, jana nilizihesabu mwenyewe, na leo ni Machi. Naomba wazee watatu wa baraza wainue macho, na wewe Lazaro inua, mseme mbele ya jeneza hili kama yule aliyeegemea lori hamumjui, na sigara ameishika kwa mkono gani.

Dada, wanatazama. Pumzika kwa amani.